Nakala ya Kwanza

Elburgon, Jumapili jioni

Mami,

Mambo ya blanketi, sufuria na nani atakupokea stendi nimemwachia mama yako. Yeye anajua kuyasema na wewe umezoea kuyasikia. Habari ya jiko la makaa na madirisha yaliyofungwa ameirudia hadi hata mimi nisiyeenda popote naogopa kulala. Mimi nina jambo moja tu, lile uliloniuliza Jumapili iliyopita tukitoka kanisani, nikanyamaza, kisha nikaenda kumkatia ng'ombe nyasi na ng'ombe mwenyewe alikuwa ameshiba.

Uliniuliza, "Dad, wewe unaonaje? Nisign ama nisisign?"

Nilikuacha umesimama langoni na viatu vyako vya kanisa mkononi. Najua ulidhani nimekukasirikia. Mama yako ameniambia, na jana akarudia kwa ile sauti yake isiyotaka jibu: "Usiwache mtoto aende na hiyo kitu kwa roho. Kama huwezi kuongea, andika." Basi naandika. Sikukasirika, Nyambura. Nilinyamaza kwa sababu jibu langu lilikuwa limeshawekewa bei, na nilikuwa bado sijaamua kama naliuza.

Kesho unaenda Nakuru, na siku ya Jumanne Ndirangu, mwenye kampuni ya muziki, anakungoja ofisini kwake na mkataba. Atalipia studio na video. Atakulipia chumba kule mtaa wa Pipeline mwaka mzima. Kampuni yake ndiyo itakayosambaza nyimbo zako mtandaoni, itapokea kila kinachoingia, na wewe utapata sehemu yako gharama zikisharudi. Rekodi zitakuwa mali yake. Hayo yote uliyasoma kwa sauti hapa mezani huku mama yako akichambua maharagwe, na ulisoma vizuri, hukuruka mstari. Lakini Ndirangu alikuja kwangu kabla ya kuja kwako, na hilo hulijui. Nitakwambia alichotaka. Ila lazima nianze na baba yake, la sivyo utaona kama ninamsingizia kijana wa watu.

Mzee Njuguna, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa na kiwanda cha mbao pale chini karibu na reli. Wewe unamkumbuka akiwa mzee wa kiti na mkongojo. Mimi nilimjua akiwa mtu wa kofia na buti, anayepita katikati ya misumeno akipiga kelele kuliko misumeno yenyewe. Aliniandika kazi ya kupokea mbao zikitoka kwenye msumeno na kuzipanga. Nilikuwa na gitaa nililonunua kwa mtu huko Molo, na Jumamosi nilikuwa nikialikwa kuimba kwenye harusi. Niliimba kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa kikiongewa nyumbani kwetu. Kikipsigis changu hakikupita salamu, na Kikuyu cha mama yako kilitosha kununua viazi tu, ingawa siku hizi ananisengenya nacho mbele yangu.

Wimbo niliotunga wakati ule ni "Mbao Mbichi". Unajua unahusu nini: kijana mwenye haraka anajenga nyumba kwa mbao ambazo hazijakauka, na kabla mtoto hajazaliwa nyumba imeshapinda. Watu wanacheka wakiusikia. Kijana yule ni mimi. Wewe ulizaliwa katika nyumba hiyo, mlango wake haukufungika, tulikuwa tunauzuia kwa gunia la mahindi. Mama yako hakucheka. Niliutunga wimbo ule kumwomba msamaha, maana nilikuwa siwezi kumwomba kwa maneno ya kawaida. Tabia hiyo ya kushindwa kusema kitu mdomoni hujaniona nayo leo tu.

Studio ilikuwa Nakuru na ilitaka pesa. Sasa hapa ndipo kosa langu la kwanza lilipoanza, na sikulijua kuwa ni kosa kwa sababu kila mtu alikuwa akilifanya. Mzee Njuguna aliniambia, "Mwangi, mimi nitakulipia. Lakini utanitaja." Nikamtaja. Nilimtaja mwanzoni kabisa, kabla gitaa halijatulia. Watu walipojua Njuguna ametajwa, mwenye duka la jumla naye akataka, naye akatoa kitu. Halafu mwenye lori za viazi. Halafu mchungaji, ambaye hakutoa kitu lakini ungemwachaje? Ubeti wa tatu wote ukawa majina. Ukiuimba leo ni kama mwalimu anaita rejista ya darasa, na nusu ya wanafunzi wamekufa.

Kila jina lilinilipa mara moja, siku ile ile, mkononi. Sikufikiria kwamba wimbo unaweza kuishi kuliko siku hiyo. Kwetu wimbo ulikuwa kama chakula cha harusi, ukishaliwa umeliwa.

Kisha tukafanya uzinduzi. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni, kwa hiyo hukumbuki ukumbi wa shule ulivyojaa hadi watu wakakaa madirishani. Unajua uzinduzi wetu ulivyo: kwaya inaimba, wageni wanatambulishwa mpaka chakula kinapoa, halafu inapigwa mnada nakala ya kwanza ya albamu. Mtu hanunui CD. Ananunua heshima ya kuwa wa kwanza, na msanii anasaidika. Sasa CD zetu zilikuwa zimechelewa kutoka Nairobi, kwa hiyo iliyokuwapo mezani ilikuwa moja tu, ile niliyopewa na studio, rekodi yenyewe halisi. Hakuna aliyeona shida. Mke wa mchungaji aliifunga kwa karatasi ya kung'aa na utepe mwekundu.

Mshereheshaji alikuwa mtu wa Molo mwenye koo lililokauka. Akaishika juu: "Nakala ya kwanza! Nani anaibeba nyumbani?" Mwenye lori akasema bei. Mwenye duka akapandisha. Wakapandishiana, ukumbi ukawa unapiga makofi na vigelegele, hadi Mzee Njuguna akasimama polepole, akavua kofia, akataja bei ya ng'ombe wa maziwa. Halafu nikasikia paa la mabati likitetemeka kwa kelele. Mshereheshaji akapaza sauti, "Wimbo umepata mwenyewe!"

Hayo yalikuwa maneno yake, na ya mshereheshaji hayana uzito. Yangu ndiyo yenye uzito. Nilienda mbele, nikampa Mzee ile CD kwa mikono miwili, nikainama, nikachukua maikrofoni. Hakuna aliyeniambia niseme nini. Nikasema, "Mzee, sina cha kukulipa. Kuanzia leo wimbo huu ni wako."

Wewe umesoma, unaweza kushangaa. Lakini watu wetu ndivyo wanavyoshukuru. Mgeni akija unamwambia nyumba hii ni yake, na hakuna anayeleta kitanda. Nilisema asante kubwa kuliko kitu nilichokuwa nashukuru. Na usifikiri nilidhulumiwa siku ile. Pesa zile zilinunua ng'ombe aliyezaa mama wa huyu unayemkamua, na zikanunua mbao kavu. Nyumba hii ambayo mlango wake unafungika ni ya Mzee Njuguna kwa namna fulani. Ndiyo maana jambo hili linanichosha hivi. Kama angekuwa mwizi ningemchukia nikapumzika.

Yaliyofuata mengi uliyaona mwenyewe. Uliporudi likizo ukiwa kidato cha tatu, ulikuja mbio kutoka barabarani na simu ya rafiki yako. "Dad, cheki! Si hii ni ngoma yako? Uko online!" Ulikuwa na furaha hadi nikaiona furaha kabla ya kuiona simu. Kisha nikatazama. Sauti ilikuwa yangu. Picha ilikuwa ya Mzee Njuguna amesimama kando ya lori lake la magogo, na mahali pa jina la msanii palikuwa na jina lake. Ulipoona uso wangu ukaniuliza kuna nini. Nilikwambia ni makosa madogo, yatarekebishwa. Nilikudanganya, au tuseme nilijidanganya na wewe ukawa karibu.

Nilienda kumwona. Nilimkuta juani kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba.

"Mwangi, karibu! Umekuja na gitaa?"

"Hapana, mzee. Nimekuja juu ya ule wimbo uko kwa simu."

"Eh, umeuona? Ndirangu ndiye ameuweka. Ameniambia hata Uganda wanausikiza. Uganda, Mwangi!"

"Mzee, lakini ule wimbo ni wangu."

Alinitazama kama nimemwambia lori lake ni langu. Hakukasirika, alinihurumia. Akaita ndani, "Mama Ndirangu, letea mimi ile CD." Mama akaileta. Ilikuwa bado na ile karatasi ya kung'aa, imefunguliwa upande mmoja tu, utepe umekunjwa vizuri juu yake. Walikuwa wanaiweka kabatini pamoja na hati za shamba.

"Si nilinunua?" akaniuliza. "Si watu walikuwa pale? Na wewe mwenyewe si ulisema?"

Nikasema, ndiyo, nilisema. Tukanywa chai. Nilipoaga akaamuru nipewe vipande vya mbao vilivyobaki kiwandani, nikavisukuma na mkokoteni hadi hapa. Banda la kuku ni vipande hivyo.

Nilienda kwa wakili Nakuru, mama kijana mwenye miwani, akanisikiliza hadi mwisho. Akaniambia maneno ya kushukuru kwenye uzinduzi si mkataba, na haki ya mtunzi haimtoki mtu bila maandishi yenye sahihi yake. Akanieleza kitu ambacho ningekijua mapema kingenisaidia: kwamba wimbo na rekodi ni mali mbili. Wimbo ni yale maneno na ile tuni, ni wa aliyetunga. Rekodi ni ile sauti iliyonaswa studio, na mara nyingi ni ya aliyelipa. Kila moja ina mirabaha yake, yaani yale malipo madogo madogo yanayokuja kila wimbo unapochezwa. "Tunaweza kwenda court," akasema, "una case." Nikamshukuru, safari hii kwa kipimo. Sikwenda mahakamani. Ningewaita mashahidi gani? Ukumbi mzima ulinisikia. Na ningemshtaki vipi mtu aliyelala mgonjwa, ambaye mbao zake ziko juu ya kichwa changu?

Nikajaribu njia nyingine. Kijana wa saiba, kile kibanda cha kompyuta za kukodi pale mjini, alinifungulia akaunti kwenye kampuni moja ya kusambaza muziki, tukaupakia wimbo kwa jina langu, kutoka kwenye CD ya kawaida iliyokuwa imebaki nyumbani. Nilingoja kama mtu aliyepanda viazi. Jibu lilipokuja, lilisema mashine imeutambua wimbo huo, una mwenyewe tayari, na nikirudia akaunti itafungwa. Yule kijana alinisomea mara mbili kwa sababu nilidhani sijaelewa. Nilionywa nisiibe wimbo wangu. Nililipa pesa za saiba nikatoka.

Na Salgaa je? Sijawahi kukusimulia ya Salgaa, kwa sababu ilinichekesha na kunimaliza siku moja. Tulikuwa tumepeleka mbao kule, tumeingia hotelini kula, na dereva mmoja wa trela anaucheza kwenye simu yake huku anakata ugali. Anaimba nao, anajua hadi yale majina. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Boss, huo wimbo niliimba mimi."

Akanipima juu chini, vumbi la mbao kwenye nyusi. "Wewe? Mzee, huyu anaitwa Njuguna. Si unaona hapa? Njuguna, hadi anajitaja mwenyewe mwanzo wa wimbo!"

Meza yote ikacheka. Mama wa hoteli akasema, "Wacha aimbe basi tuone." Nikaimba, mami. Niliweka kijiko chini nikaimba ubeti wa kwanza wote. Walinipigia makofi kwa heshima, na yule dereva akaninunulia soda, akaniambia, "Mzee, haki ya Mungu, unakaribia kuimba kama yeye."

Nilicheka nao. Nilipofika kwenye gari nilikaa nimeinamisha kichwa hadi Mau Summit. Hakuwa na kosa. Watu wanautafuta wimbo kwa jina wanalolisikia ndani yake, na jina lile nililiweka mimi kwa bei ya studio.

Sasa nije kwa Ndirangu. Alikuja siku uliyokwenda kwa shangazi yako Njoro. Alikuja kama mtu aliyelelewa vizuri: unga, sukari, mafuta ya kupikia, majani ya chai. Alimsalimia mama yako kwa Kikipsigis alichojifunza kwa ajili hiyo. Tukakaa. Akasema, "Mzee, baba yangu na wewe mlikuwa watu wa karibu. Mimi sitaki hii maneno ya 'Mbao Mbichi' ibaki hivi. Si poa. Naeza badilisha artist name hapo kwa system, siku mbili iko sawa. Jina lako, picha yako, mtunzi ni wewe. Na kuanzia hapo tunagawana nusu kwa nusu."

Sikuamini masikio yangu. Nikamuuliza anataka nini.

"Ah, mzee, sina conditions. Nimesikia vile Nyambura anaimba, na najua anakuskiza wewe. Akikuuliza juu yangu, mwambie tu ukweli. Kwamba sisi ni family."

Ndiyo hiyo bei, mami. Hakuniomba niseme uongo. Angeniomba uongo ningemfukuza na unga wake. Alichoniomba ni niitikie kwa kichwa mara moja tu, siku utakaponiuliza.

Nataka ujue kwamba nililitaka jina lile. Nililitaka hadi nikaona haya. Usiku niliota nimeenda Salgaa na simu mkononi. Nilianza kufikiria picha gani tutaweka, nikajikuta mbele ya kioo cha mama yako natazama meno yangu. Mtu wa umri wangu! Nimefanya kazi ya kupanga mbao za watu miaka yote hii, mgongo wangu unaujua, na kitu kimoja tu nilichowahi kufanya ambacho mtu wa Uganda anakipenda kina jina la mtu mwingine. Nimechoka kukikosa. Nimechoka hata kukieleza.

Na nilianza kulipa bila kukwambia. Jumatano kabla ya swali lako ulinisimulia juu ya Chela, rafiki yako, kwamba anakukaribisha mrekodi kwake, chumba chake kimoja na mablanketi ukutani, na muweke nyimbo kwa akaunti yako mwenyewe. Nikakwambia, "Hiyo ni studio ama ni hosteli?" Ukacheka, lakini niliona imekuingia. Nikaongeza kwamba hawa watoto wa mjini hawajui biashara. Mimi, Mwangi, nikamfundisha mtu biashara ya muziki! Sikuwa nasema mawazo yangu. Nilikuwa namfanyia Ndirangu kazi. Chela simjui hata kidogo, na nakuomba radhi, wewe na yeye.

Ndiyo maana uliponiuliza langoni nilikimbilia kwa ng'ombe. Kila jibu lililonijia mdomoni nililichunguza, na sikuweza kujua ni la baba yako au la yule mtu anayetaka picha yake iwekwe.

Leo baada ya chakula cha mchana, wewe na mama yako mkiwa kwa jirani mkiaga, nimempigia Ndirangu simu. Nilitoka nje nikasimama karibu na banda.

"Mzee! Habari ya huko? Mtoto yuko tayari?"

"Yuko tayari kusafiri. Ndirangu, ile maneno ya jina langu, wacha ikae vile iko."

"Mzee, hujanielewa. Hiyo nakupea tu. Ni ya bure."

"Nimekuelewa. Ni ya bure na siitaki."

"Na Nyambura?"

"Nyambura atakuja au hatakuja. Hiyo ni yake na wewe."

"Mzee, unajua hii offer haiko milele. Mimi nikisema imeisha, imeisha. Ule wimbo utabaki hivyo hadi watu wakusahau kabisa."

Nikamwambia najua. Nikamsalimia mama yake, maana ni mgonjwa, nikakata simu. Halafu nikaketi juu ya gogo na nikalia, sitaki kukuficha. Si kwa sababu nilifanya jambo kubwa. Nililia kwa sababu sasa imeisha kweli, hakuna tena mtu wa kunirudishia, na umri wangu si wa kungoja mwingine.

Mama yako hajui bado. Atajua, na atanyamaza siku mbili, kisha atasema nilifanya vizuri, halafu atanikumbusha kwamba paa la jikoni linavuja.

Ndirangu si mtu mbaya, nataka nilirudie hilo. Alipata CD kabatini kwa baba yake, akaambiwa ni ya kwao, akaamini. Huenda mkataba wake ni afadhali kuliko mikataba ya wengine. Ukienda Jumanne, nenda bila hofu na bila deni. Babake alinilipa na mimi nikashukuru kupita kiasi, lakini shukrani ile haikuwa ya kurithiwa na wewe. Usimwone kwenye kiti cha ofisi yake ukafikiri juu ya ng'ombe au nyumba.

Ukienda kwa Chela pia, usiende kama kondoo. Mkikaa kwenye hayo mablanketi, kabla ya kuimba, semeni nani ametunga nini na kila mmoja atapata ngapi, muandike, mtie sahihi, mkiwa bado mnapendana na wimbo haujulikani. Watu hugombania wimbo uliopendwa, huo ambao bado haujasikika hakuna anayeutaka. Akaunti iwe kwa barua pepe yako, na neno la siri ulijue wewe, si mchumba utakayempata, si mimi. Na usimtaje mtu kwenye wimbo kwa sababu amekununulia kitu. Ukimpenda mtaje. Ila akikununulia, mnunulie naye kitu, mmalizane.

Utakosa pesa, huo ndio ukweli. Chumba cha Pipeline kingekufaa. Bila Ndirangu utaosha nywele za watu saluni mchana na kuimba jioni, na kuna siku utanipigia simu nami sitakuwa na cha kukutumia ila salamu. Itanichoma. Huenda siku hiyo ukanilaumu, na utakuwa na haki yako. Nimefikiria hilo pia nikiwa juu ya lile gogo.

Uliniuliza naonaje. Nimekaa wiki nzima bila kukujibu, na wewe una jina la mama yangu, mtu ambaye sikuwahi kuthubutu kutomjibu. Basi hili ndilo jibu langu, na unaweza kulikataa, kwa sababu maisha ni yako na sauti ni yako.

Naona usisaini. Sasa ninaweza kukwambia hivyo, kwa sababu tangu leo mchana, ukisaini au usiposaini, hakuna anayenilipa.

Baba yako